Nguva wa Warsaw na sanamu yetu ya bandarini

(Maneno haya yalisemwa mbele ya mkutano mkuu wa wanachama. Komite imeomba yachapishwe ili wenzetu walio vijijini, na wafadhili walio mbali, nao wayasome.)



Nimeombwa niseme kidogo ju ya lile pendekezo la sanamu. Wote mnalijua. Kuna wanaotaka tusimamishe sanamu pale bandarini, mahali maboti yalikuwa yanashusha watu toka Kigoma: mtu wa simenti, mzigo kichwani, mtoto mkononi, na chini yake jina la chama. Wanasema wageni watakuja kupiga picha, mji utajulikana, na wafadhili wataona kazi yetu kwa macho. Franga zitatoka ku mfuko wa mabati. Wengine hawataki hata kusikia. Mkutano uliopita tuliachana watu wamenuniana, na wengine wamesimamisha mchango mpaka leo.

Siwezi kuwaamulia, kura ni yenu. Nimeleta tu habari za mji mmoja ambao sanamu yake inajulikana sana, na ambao ulijengwa upya na watu waliorudi. Ni Warsaw, mji mkuu wa Poland. Waliosoma Kifaransa wanauita Varsovie. Ukifika kule kama mtalii, watakupeleka ku uwanja wa soko la mji wa kale. Katikati ya uwanja utakuta sanamu ya nguva: juu ni mwanamke, chini ni samaki. Mkono mmoja ameinua upanga, mkono mwingine ameshika ngao. Watu wanapanga foleni kupiga naye picha. Yuko ku nembo ya mji, yuko ku mabasi, yuko ku vikombe na fulana wanazouziwa wageni.

Hadithi yake ni hii. Zamani nguva alitoka baharini, akapanda mto Vistula, akafika penye kijiji cha wavuvi. Mahali pakampendeza, akabaki. Wavuvi wakaanza kuona nyavu zao zimevurugwa na samaki wametoroka. Wakapanga kumkamata mwenye kufanya vile. Lakini walipomsikia anavyoimba, wakamwacha. Kisha akaja mfanyabiashara tajiri. Huyu akafikiri: kiumbe kama hiki, nikikitembeza masokoni, watu watalipa ili wakione. Akamkamata kwa hila, akamfungia ndani ya kibanda cha mbao. Usiku kijana mmoja mvuvi akasikia kilio chake, akaita wenzake, wakamfungulia. Nguva akawaambia: ninyi mmenisaidia, nanyi siku mtakapopata shida nitawalinda. Njo maana anashika upanga na ngao.

Ninajua hapa mtu akisikia mtu-samaki anafikiri mambamuntu. Wazee waliokaa Lubumbashi wanakumbuka zile tablo za mambamuntu zilizotundikwa ku salon miaka ya 1970. Lakini angalieni tofauti. Mambamuntu wa kwetu anampa mtu mmoja utajiri, na anadai bei yake: utunze siri, mara nyingine utoe roho ya mtu wa nyumbani. Nguva wa Warsaw hakuahidi franga. Aliahidi ulinzi, na aliwaahidi wavuvi wote, ju wote walikuja kumfungulia. Ukisoma kanuni za chama chetu, ni agano lile lile: leo nimefiwa, unakuja, kesho nyumba yako imeungua, ninakuja.

Sasa tutoke ku hadithi, twende ku mambo yaliyotokea kweli.

Mwaka 1939 Ujerumani ya Hitler ilivamia Poland. Wakati ule karibu theluthi ya wakaaji wa Warsaw walikuwa Wayahudi. Walifungiwa ndani ya mtaa wenye ukuta, na wengi kabisa waliuawa. Tarehe 1 Agosti 1944 wapiganaji wa mji wakainuka dhidi ya jeshi la Wajerumani. Walipigana siku 63, kisha wakashindwa. Raia zaidi ya laki moja walikufa. Waliobaki wakafukuzwa wote, na baadaye Wajerumani wakaanza kuchoma na kulipua mji, nyumba kwa nyumba, mtaa kwa mtaa. Tarehe 17 Januari 1945, jeshi la Soviet na la Poland lilipoingia, upande mkubwa wa mji, ule wa kushoto kwa mto, ulikuwa kifusi.

Wakati ule Warsaw ilikuwa na nguva mwingine tena, wa shaba, aliyesimamishwa ukingoni mwa Vistula mwaka 1939. Alimtengeneza mchongaji mwanamke, Ludwika Nitschowa. Msichana aliyesimama mbele yake kama mfano aliitwa Krystyna Krahelska. Alikuwa anaandika mashairi. Katika vita vya 1944 alitumika kama muuguzi, akapigwa risasi siku ya kwanza kabisa, na kesho yake akafa. Alikuwa na miaka 30. Sanamu ilibaki imesimama. Watalii wanapita pale, wanaona mwanamke mzuri wa shaba mwenye upanga, wengi hawajui kwamba aliyesimama kwa ajili yake alikufa akihudumia majeruhi wa mji ule ule.

Bandugu, hapa njo ninataka mnisikilize vizuri. Baada ya 17 Januari kulikuwa na mazungumzo kwamba mji mkuu uhamishwe, uende Łódź, mji ambao haukuharibiwa sana. Pale Warsaw hapakuwa na maji, hapakuwa na umeme, na mabomu yalikuwa yamezikwa ndani ya kifusi. Watu hawakungoja. Walirudi kwa miguu, wengine wakivuka mto juu ya barafu, ju madaraja yalikuwa yamevunjwa. Walikaa ndani ya vyumba vya chini ya ardhi, ndani ya kuta zisizo na paa. Serikali ikaamua mji ujengwe palepale, na kabla mwaka ule haujaisha, wakaaji walikuwa wamefika mamia ya maelfu.

Kati yenu wako walioshuka ku boti mwaka 2005 au baadaye, wakakuta mahali pa nyumba pameota kichaka. Mlifunga shitingi, mkalala. Hakuna haja niwaeleze.

Mji ule ulijengwa na nini? Kwanza, na kifusi chenyewe. Walichambua matofali moja moja, wakayasafisha, wakayajenga tena. Mengine waliyaleta toka miji mingine, kama vile Wrocław. Pili, na michango. Kulikuwa na mfuko wa kijamii wa kujenga mji mkuu. Mtu akitoa mchango anapewa karatasi ndogo, na karatasi ile waliiita kwa neno lenye maana ya "tofali dogo". Hebu fikirini: hata mtu asiyeweza kununua nyumba, anaweza kununua tofali dogo.

Nisiwapake asali midomoni. Serikali ya wakati ule ilikuwa ya kikomunisti, na michango mingine ilikatwa ku mishahara, mtu hakuulizwa. Yale matofali ya Wrocław, watu wa Wrocław nao walikuwa na kuta zilizobomoka. Mchango usiokuwa na hiari unaacha kinyongo, na mchango usiokuwa na hesabu unaacha kinyongo zaidi. Wale waliosimamisha mchango wao ju ya habari hii ya sanamu, mimi siwaiti wakaidi. Waliambiwa franga zao ni za mabati, kisha wakasikia zinaenda ku simenti ya sanamu. Wana haki ya kuuliza.

Tatu, mji ule ulijengwa na karatasi. Kabla ya vita, na hata wakati wa vita kwa siri, walimu na wanafunzi wa usanifu wa majengo walipima nyumba za mji wa kale, wakachora. Michoro mingi ilifichwa, ikaokoka. Walitumia pia picha za mchoraji mmoja wa karne ya 18, Bernardo Bellotto, aliyechora mitaa ya Warsaw kwa uangalifu mkubwa. Kwa karatasi zile waliweza kusema: hapa palikuwa na dirisha, hapa palikuwa na mlango. Uwanja wa soko la mji wa kale ukafunguliwa tena mwaka 1953. Mwaka 1980 UNESCO iliuandika mji wa kale kuwa urithi wa dunia, ju ya namna ulivyojengwa upya. Mtalii anayedhani anaona nyumba za miaka 300 anaona kazi ya mikono ya watu waliorudi.

Sasa sikieni jambo ambalo watembezaji wa watalii hawaanzi nalo. Tarehe 26 Oktoba 1945 ilitoka amri ya kuweka ardhi yote ya Warsaw mikononi mwa mji. Iliwarahisishia wajenzi kazi, ju hawakuhitaji kumtafuta kila mwenye kiwanja. Lakini mtu alirudi, akachambua matofali kwa mikono yake, na kiwanja hakikuwa chake tena. Kesi za viwanja vile ziliendelea mpaka wajukuu, mpaka karne hii. Wako waliopata haki, wako waliokufa wakingoja, na wako matapeli waliotajirika kwa kununua madai ya wazee kwa bei ya bure.

Kwetu, sheria ya 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali, sisi tunapewa haki ya kuitumia. Kwa hiyo asiye na karatasi ana neno la jirani tu, na jirani aliyejua mpaka wako amekufa au yuko bado Nyarugusu. Mimi kazi yangu inanipeleka ku nyumba zenu, na ninaona. Mama amerudi na watoto, parseli iko na mtu mwingine, mtu yule naye alinunua kwa mtu mwingine, na kila mmoja ana shahidi wake. Tunaezeka nyumba kwa mabati mapya, kisha baada ya mwaka mmoja mwenye nyumba anaitwa ku tribinali. Mabati juu ya kiwanja cha ugomvi ni mali iliyowekwa njiani.

Tena, si wote waliorudi. Nayasema haya ju wako kati yetu wanaowacheka waliobaki ng'ambo. Wakati wa vita vile, Wapoland wengi walikuwa wamepelekwa kwa nguvu ndani ya Soviet, kisha wengine wakapitia Iran wakaletwa Afrika, na wengi walikuwa wanawake na watoto. Kambi kubwa ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha, Tanganyika, yenye watu wapatao 5,000. Nyingine zilikuwa Uganda, Masindi na Koja. Ndiyo, bandugu: kabla ya Lugufu na Nyarugusu, Wazungu nao walikuwa wakimbizi ku udongo ule wa Tanganyika. Vita vilipokwisha, wengi wao hawakurudi, ju sehemu walizotoka zilikuwa zimeingizwa ndani ya Soviet. Walienda Uingereza, Kanada, Australia. Wachache walibaki, na makaburi yao yako Tengeru mpaka leo. Kutorudi siyo usaliti. Mara nyingine nyumba yenyewe imehama.

Sasa turudi ku sanamu. Yule nguva wa uwanja wa soko, anayepigwa picha na watalii, alitengenezwa na mchongaji Konstanty Hegel, akawekwa pale mwaka 1855. Kabla ya vita aliondolewa, akazungushwa sehemu mbalimbali za mji. Naye alikuwa mhamishwa! Alirudi ku uwanja wake mwaka 1999. Pigeni hesabu. Uwanja ulifunguliwa 1953, nguva alirudi 1999. Miaka 46 uwanja ule ulikuwa na nyumba, na watu ndani ya nyumba, bila nguva katikati. Hakuna aliyesema mji haujakamilika. Na baadaye, walipoona hewa na mikono ya watu inamharibu, wakamweka ndani ya makumbusho, na mwaka 2008 wakasimamisha nakala. Yule anayepigwa picha leo ni nakala.

Kama sanamu inaweza kuondoka miaka mingi vile na mji ukabaki na nguva wake, basi nguva hakuwa ndani ya sanamu. Alikuwa wapi? Kabla ya sanamu yoyote, tangu karne ya 14, alikuwa ku muhuri wa mji. Na wakati ule hakuwa hata mzuri, alichorwa na miguu ya ndege na mabawa kama ya joka. Karne kwa karne wakamtengeneza akawa huyu tunayemwona. Muhuri ulipigwa ku karatasi za mji, na mtu akiuona anajua karatasi hii ni ya kweli. Heshima ilianzia pale, ku karatasi inayoaminika, na sanamu ikafuata.

Kwa wafadhili wetu ninaomba neno moja, kwa heshima. Mmesikia habari ya yule mfanyabiashara na kibanda chake. Hakumpiga nguva, hakumwua. Alitaka kumwonyesha tu. Leo pia nguva anaonyeshwa, na franga zinaingia, lakini wanaomwonyesha ni wenyewe, na mapato ni ya mji wao. Tofauti ni ile. Mnapotuma mtu kupiga picha, mama aliye chini ya shitingi anavaa nguo ya kanisani, anasimama, picha inaenda. Mara nyingi hajui imeenda wapi na imeleta nini. Mnapoomba bango kubwa lenye jina lenu mbele ya kisima, bango linachukua franga ambazo zingenunua bomba. Hatukatai kuonyesha kazi. Tunaomba tuonyeshe wenyewe: tutawatumia hesabu, tutawatumia majina ya wenye nyumba waliokubali, na mkija tutawapeleka mlangoni, mwenye nyumba awapokee kama wageni wake. Na mkitaka kusaidia jambo lisilopendeza ku picha, saidieni karatasi za parseli. Usafiri wa kwenda ku ofisi, malipo ya kupima, upatanisho na yule aliyekuta nafasi wazi akajenga. Pale hakuna bango, lakini pale njo nyumba inasimama au inaanguka.

Kwa wanachama, mapendekezo yangu ni haya, muyajadili.

Mfuko wa mabati usiguswe. Uliitwa mfuko wa mabati, ubaki mfuko wa mabati. Komite ibandike hesabu yake ukutani kila mwezi, ku barza ya ofisi, mahali hata asiyeingia ndani anaweza kusoma au kusomewa. Na kabla ya kumwezekea mtu, tuulize karatasi ya parseli. Kama hana, tumsaidie kwanza kuitafuta, hata kama mabati yatangoja msimu mmoja.

Ile picha ya mtu mwenye mzigo kichwani na mtoto mkononi tusiitupe. Ni picha yetu. Tuiweke ku muhuri wa chama. Mchoraji tunao kati yetu, na muhuri ni kitu kidogo. Kila anayetoa mchango, kaye yake ipigwe muhuri ule. Yule mama wa soko la samaki anayetoa kidogo kila wiki, awe na kurasa zimejaa alama ya kuonyesha kwamba nyumba ya jirani yake iko na tofali lake. Sitashangaa kama waliosimamisha mchango watarudi wenyewe, ju kila mtu anapenda kitu anachoweza kukishika mkononi na kumwonyesha mtoto wake.

Na pale bandarini, tuombe kipande kidogo cha kiwanja kwa njia halali, kwa shefu na ku ofisi ya ardhi, karatasi itoke kwa jina la chama. Tupande mti wa kivuli, tuweke benchi. Anayeshuka ku boti amechoka apate mahali pa kukaa na mtu wa kumwelekeza. Sanamu itakuja. Labda sisi wa umri wangu tutaisimamisha, labda watoto waliozaliwa Lugufu ambao leo wako ku shule ya sekondari. Siku ile mgeni akiuliza "huyu ni nani?", mtoto wa hapa atamwonyesha mji nyuma yake, mabati yanavyong'aa, na atakuwa na jibu.

Mimi nimemaliza. Anayepinga apinge kwa sauti hapa ndani, tusiende kununiana tena huko nje.